Mwaka Nilioweka Nia ya Kuwaheshimu Wakwe

Kama asubuhi ya leo umepewa kile kikopo na kuambiwa uteme makohozi ya kwanza kabla hujala kitu, basi haya nimekuandikia wewe. Sitakufundisha udaktari. Nilikuwa muuza mitumba pale Tukuyu, na ninachokijua kuhusu kifua kikuu ni kile kilichonipata mimi na mwanangu. Nitakueleza mambo ya benchi, ya sindano na ya masikio. Nitakueleza pia swali moja nililoulizwa na nesi, na jinsi nilivyolijibu, maana bila hilo haya mengine hayana faida.

Nianze na Januari. Katika usharika wetu, Jumapili ya kwanza ya mwaka kila mtu mzima alisimama na kutaja nia moja ya mwaka huo, kwa sauti, mzee wa kanisa akiandika kwenye daftari. Wengine walisema wataacha pombe, wengine wataezeka bati, wengine watang'oa mibuni iliyozeeka wapande upya. Mwaka ukigeuka, mzee alifungua daftari lile lile na kusoma. Aliyetimiza alipigiwa makofi. Aliyeshindwa aliambiwa "bado" na kuachwa amesimama mpaka wote wasomwe. Watu waliogopa ile "bado" kuliko mahubiri yote ya jehanamu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nia yangu nilikuwa nayo tayari. Nilitaka kuacha kutandaza nguo chini na kupata kibanda chenye mlango na kufuli. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye miguu alikuwa mfanyabiashara, na robota za mitumba zilikuwa zinashushwa Mbeya kila wiki. Mume wangu Lwitiko alikuwa amepunguzwa kazi kule ushirika, kwa hiyo nyumba ilikuwa inakula kutokana na sketi zangu. Hilo liliwachoma wazazi wake. Mama yake alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanawe ameolewa.

Jumamosi ile Lwitiko aliniambia, "Kesho usitaje mambo ya kibanda. Wazazi watakuwepo."

"Nitaje nini sasa?"

"Taja kitu cha kujenga nyumba. Sema utawaheshimu wakwe zako."

"Kwani nimewatukana lini?"

"Sema tu, mama Bupe. Inakuuma nini?"

Nikasimama, nikasema mwaka huu nia yangu ni kuwaheshimu wakwe zangu. Katikati ya maneno nilishikwa na kikohozi, mzee akasubiri na kalamu hewani mpaka nilipomaliza.

Hapa inabidi nieleze jambo moja kwa wasio wa kwetu. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mke hamwangalii baba wa mumewe. Akimwona njiani anajificha migombani mpaka apite. Haingii nyumba aliyomo, hali naye, hamsalimii, na jina lake halitaji hata akiwa peke yake. Wengi siku hizo walikuwa wamelegeza, hasa wa mjini. Ukoo wa mume wangu haukulegeza hata uzi mmoja, na kanisani tuliokolewa na pande tu, wanaume kulia na wanawake kushoto. Baada ya harusi niliishi kwao Masukulu miaka mitatu, na nilikuwa najua mkwe anakuja kwa kikohozi chake. Nikikisikia kule juu ya shamba, mimi nilikuwa nimeshatokomea bondeni.

Kukonda nilikuja kukugundua kwenye biashara. Nilikuwa na tabia ya kujichagulia sketi moja kila nikifungua robota, na mwezi wa pili nikajikuta nachagua kwenye fungu la wasichana wa shule. Jasho la usiku lililowesha godoro. Mchana nilisikia baridi ilhali wenzangu wanajipepea. Wanawake wa sokoni walisogeza maturubai yao kidogo kidogo, mpaka siku moja nikaona kati yangu na jirani yangu panaweza kupita mkokoteni. Walikuwa wanasema nimekanyaga waya, yaani nina ukimwi, kwamba safari zangu za Mbeya zilikuwa na mambo mengine. Mteja mmoja, dada mnene mwenye sauti, alishika blauzi, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Hii ni kafa Ulaya, ya maiti wa kizungu, au ni yako mwenyewe umeanza kuuza mapema?" Watu walicheka sana. Nami nilicheka nao, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na uso wangu.

Mvua za Machi ndizo zilizonifikisha hospitali. Niliota mizizi benchini siku tatu na vikopo vitatu. Kwenye benchi la kliniki ya kifua hakuna anayemwangalia mwenzake. Kila mtu anaangalia kikopo chake kama amebeba kinyesi, na akiitwa jina anainuka haraka ili wasimjue. Siku ya nne nesi aliniita ndani. Aliitwa Mwanaidi, mtu wa Tanga, amehamishiwa kwetu na hakupenda mvua zetu hata kidogo.

"Una kifua kikuu," alisema. "Kina dawa. Miezi miwili sindano kila siku, miezi sita vidonge. Usiruke hata siku moja. Umenisikia? Hata moja."

Nilifurahi! Nilitoka nje nikamshukuru Mungu kwenye matope. Nilijua sasa nitarudi nyumbani na jina la ugonjwa, na jina hilo si lile walilokuwa wakilisema sokoni.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe alikuja kumchukua mwanangu. Bupe alikuwa na miaka minne. Yule mama hakuketi. Nilimpa kanga yangu ya kumbebea mtoto, akaiangalia bila kuipokea.

"Hapana. Nenda dukani ununue mpya, nkamwana."

"Mama, nesi amesema nikimaliza wiki chache za dawa simwambukizi mtu."

"Nesi ni mtu wa wapi? Mwe, we! Unataka kutumalizia mtoto? Akikaa Masukulu atakuwa salama fijo, salama kabisa."

Lwitiko alikwenda kununua kanga. Bupe aliondoka mgongoni mwa bibi yake akiniuliza kama nami nakuja, na mimi nikasema kesho. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza mwaka ule.

Sindano ya kwanza nilidhani mguu umekatika. Ya kumi nilikuwa nalalia upande mmoja tu. Vidonge viligeuza mkojo wangu ukawa mwekundu kama soda ya chungwa, na machozi nayo yakatia rangi kwenye leso. Hakuna aliyeniambia mapema, nikakaa chooni nikilia nikidhani navuja damu. Wewe nakuambia sasa, usije ukalia bure. Kichefuchefu nacho kipo, ila kula. Mimi nilikula ndizi za kuchoma baridi, ndicho kitu pekee kilichokaa tumboni.

Wiki ya tatu nilifika kliniki, mvua inanyesha, na kabla sijakunja kona ya jengo nikakisikia kikohozi cha mkwe wangu.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, pembeni kabisa mwa mlango, na kikopo mkononi. Alinitambua nami nikamtambua, kwa jicho la pembeni tu, nikarudi nyuma ya ukuta kama mwizi. Nilisubiri adungwe aondoke. Alidungwa, akatoka, akarudi kukaa pale pale mlangoni mpaka dirisha la dawa likafungwa. Kesho yake hivyo hivyo. Mzee yule hakuwa mjinga. Alijua siwezi kupita mbele yake, na alijua nisipopita sitaingia kusema kwamba namjua. Siri yake ilikuwa salama kadiri alivyokaa. Kule Masukulu alikuwa amewaambia anakwenda kufuatilia malipo ya kahawa.

Utaniuliza kwa nini sikupita tu. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko wewe. Miguu ilikataa. Nilisimama nyuma ya jiko la wagonjwa, penye rundo la kuni, mvua ikinipiga na moshi ukinipalia, na kadi yangu ikaanza kuwa na mapengo. Nesi Mwanaidi aliponiuliza nilisema nilikuwa na wageni. Mtu wa Tanga ningemweleza nini? Kwamba siwezi kuja kudungwa kwa sababu baba wa mume wangu amekaa mlangoni?

Aliyenielewa bila kuambiwa ni mama mfagizi, mwanamke wa makamo wa kwetu Kinyala, aliyenikuta nimechuchumaa kwenye kuni. Alichungulia benchini, akanitazama, akatikisa kichwa.

"Ni mkweo yule?"

Nikainamisha kichwa.

"Basi pita huku, mwanangu. Huku nyuma wanakochemshia sindano. Mi nitakufungulia."

Alinifungulia kila siku kuanzia hapo, na siku nyingine aliniwekea chai ya moto dirishani. Nikimkumbuka yeye ndipo naweza kuisoma kadi ile bila kuichana. Lakini mapengo yalikuwa yameshakuwa mengi. Katikati ya Mei Nesi Mwanaidi aliihesabu kadi kwa kidole, akaiweka chini na kuchukua mpya.

"Tunaanza upya," akasema. "Hii ni moja."

Ndipo masikio yalipoanza kulia. Kwanza kama nyenje mbali kwenye majani ya chai, halafu karibu, halafu sikio la kushoto likazima kabisa. Nikitembea niliyumba, watoto wa mtaani wakaniita mlevi. Mpaka leo mtu akitaka kuniambia neno lazima aje upande wa kulia, na wengi hawajisumbui.

Mwezi wa sita, baridi na ukungu vikiwa vimefunika mji mpaka adhuhuri, mkwe aliacha kuja. Kikohozi kilikuwa kimempungua, nguvu zimerudi, akaona yatosha. Nilifurahi. Nilipita mlango wa mbele kifua mbele, nikakaa kwenye benchi kama binadamu.

Wiki mbili baadaye nesi aliniita mezani. Alikuwa na rejista, akasoma jina lake lote, la kwanza na la ukoo. Kulisikia tu kulinitia joto la aibu.

"Huyu mzee ni wa Masukulu, na wewe kadi yako inaonyesha ndugu zako wako Masukulu. Unamfahamu? Ameacha dawa, na makohozi yake bado ni mabaya. Nataka kumtuma mtu. Kuna watoto nyumbani kwake?"

Nilimsikia vizuri. Sikio la kulia lilikuwa zima.

"Simfahamu," nikasema.

Naweza kukupa sababu nyingi. Kumjibu kulikuwa kumtaja. Kumtuma mtu Masukulu na barua ya kifua kikuu, na mimi ndiye niliyesema, kulikuwa kuvunja ndoa. Na kulikuwa na lile daftari kanisani. Mwaka wote Lwitiko alikuwa ananikumbusha lile daftari. Nilikuwa nimepoteza biashara, mwili, sikio na mtoto, na nikashikilia ile nia moja kama ndiyo iliyobaki ya kunifanya mtu. Sababu hizo zote ni za kweli, na zote hazifai kitu. Niliulizwa kama kuna watoto, na mtoto alikuwa wangu.

Agosti niliruhusiwa kwenda kumwona. Mama mkwe alinisimamisha mwisho wa migomba.

"Hapo hapo, nkamwana. Usisogee."

Bupe alisimama mlangoni, tukapigiana kelele kama watu wanaouziana ng'ombe. Nilimuuliza anakula nini, akasema mbalaga, zile ndizi za kupikwa. Nilimuuliza analala wapi.

"Nalala na babu! Kwake kuna moto!"

Nilirudi Tukuyu kwa miguu. Usiku ule nilimwambia Lwitiko, "Baba anakohoa. Mtoto asilale naye."

"Baba anakohoa ugoro. Amekohoa tangu mimi mdogo."

"Lwitiko, nakuomba, nenda kamchukue."

"Umeanza. Januari ulisema nini mbele ya watu?"

Nikanyamaza. Sijui kama umewahi kunyamaza mpaka ukasikia taya linauma. Nilinyamaza Septemba na Oktoba, jua lilipokausha barabara, nilinyamaza mvua ziliporudi na watu wakapanda maharage. Nilimeza vidonge vyangu kila asubuhi kwa adabu. Nilinenepa. Sketi za wasichana zikanibana, na Lwitiko akaanza kunitazama tena kama mke.

Krismasi walimleta Bupe. Alishuka kwenye pikapu akitembea na mikono miwili juu ya magoti, kama bibi kizee. Kitu kikianguka hakuinama, alichuchumaa mgongo umenyooka na kukipapasa. Mama mkwe alisema anajidekeza na kwamba wamemchapa lakini haachi. Nilimvua gauni nikapitisha kiganja mgongoni. Katikati palikuwa na kinundu kigumu, ukubwa wa kokwa la parachichi, na nilipokigusa alinikwepa bila kulia. Alikuwa ameshazoea kutolia.

"Tutampeleka hospitali baada ya mwaka mpya," Lwitiko alisema. "Tusiharibu sikukuu."

Jumapili ya kwanza ya Januari kanisa lilijaa. Mzee alifungua daftari. Alisoma waliotimiza, makofi, alisoma wa "bado", wakabaki wima. Akafika kwangu.

"Mama Bupe. Nia yake, kuwaheshimu wakwe zake."

Aliangalia upande wa wanaume. Mkwe wangu aliinuka taratibu, akikohoa kwenye ngumi, akatingisha kichwa kukubali. Sikuwahi kuona akinikubali kwa jambo lolote.

"Ametimiza!" mzee akasema, na kanisa zima likanipigia makofi. Makofi marefu, na vigelegele juu. Mama mkwe alikuwa anafuta machozi. Bupe alikuwa kwenye benchi la watoto mbele, amejiegemeza kwa mikono kwa sababu hakuweza kukaa wima, naye akawa anajaribu kupiga makofi kwa mkono mmoja.

Sikuketi.

"Na nia ya mwaka huu, mama?" mzee akauliza.

"Mwaka huu nataka mwanangu atibiwe," nikasema. "Amelala karibu mwaka mzima na mtu mwenye kifua kikuu aliyeacha dawa. Mtu huyo ni Ambilikile, baba wa mume wangu. Yuko pale."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akapiga ukunga. "Mwe! Amemtaja!" Wakaanza wote. Amemtaja, amemtaja mkwewe, tena kwa jina! Wanawake walifunika midomo kwa kanga. Nilisubiri mtu mmoja aulize habari za mtoto. Waliuliza nimetoa wapi mdomo. Mzee alifunga daftari bila kuandika nia yangu, na Lwitiko akapita katikati akanifuata mpaka usoni.

"Ukitoka hapo mlangoni, usirudi kwangu."

Nilimchukua Bupe nikatoka hapo mlangoni.

Kesho yake asubuhi Nesi Mwanaidi alimpapasa mgongo, akaniuliza alikuwa anaishi na nani. Nikamwambia. Alifungua rejista ya nyuma, akatafuta ukurasa, akaukuta.

"Ulisema humfahamu."

"Nilisema."

Hakunigombeza. Aliandika tu kwa muda mrefu, kwamba kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo, na heri angenigombeza. Bupe alilazwa kwenye kitanda cha mbao miezi mingi, kwanza pale Tukuyu, kisha Mbeya, nami nikauza maandazi getini. Dawa zilifanya kazi yake. Mgongo haukunyooka tena. Mkwe alifariki kabla mvua za Machi hazijaisha, wakasema mdomo wangu ndio uliomuua, na nilizuiwa msibani. Sanduku langu lililetwa Kinyala kwa baba yangu na mpita njia.

Basi wewe mwenye kikopo: kunywa dawa mpaka siku ya mwisho, hata ukipona katikati. Ukizuiwa mlango wa mbele, tafuta mlango wa nyuma, yupo mtu atakufungulia. Na ukiulizwa nani mwingine anakohoa, jibu. Jibu hata kama ni askofu.

Bupe sasa ana miaka kumi na minne. Anashona vizuri kuliko mimi, na magauni yake anayakata mwenyewe ili nyuma yakae. Haya niliyoandika nilimpa yeye asome kwanza, siku ya kwanza ya mwaka huu, tukiwa tunamenya ndizi. Alisoma polepole mpaka mwisho, akarudi kurasa chache nyuma.

"Kwa hiyo uliulizwa mwezi wa sita."

"Ndiyo."

"Na mgongo ulianza lini?"

"Baada ya hapo."

Nilimwambia kama anataka, sehemu ile nitaitoa. Akasema niiache kama ilivyo, wenye watoto waisome. Akapanga karatasi, akanirudishia, akachukua kisu akaendelea kumenya. Tangu siku ile haniiti mama. Ananiita mama Bupe, kama wanavyoniita watu wa sokoni.